Inaunguruma, Maji Hayapandi

Mashine ya kahawa ya nyumbani ikigoma kuvuta maji, hugoma kwa sauti yake, na fundi anayeijua kazi huanza kwa masikio kabla hajashika bisibisi. Pengine ni ukimya: unabonyeza, taa inawaka, ndani hakuna kinachosogea. Pengine ni mlio mkavu, wa fujo, unaovitetemesha vikombe vilivyopangwa juu ya mashine, lakini mdomoni halitoki hata tone. Au ni mlio mzito wa kitu kilichokabwa, unaozidi kushuka kadiri unavyobonyeza. Ukimya ni habari ya umeme. Mlio mkavu ni habari ya hewa. Mlio uliokabwa unasema maji yapo na pampu inasukuma, ila mbele pameziba. Mtu aliyezoea kusikiliza hivi ameshatupa sehemu kubwa ya shaka zake kabla plagi haijachomolewa.

Fundi ninayemfikiria ninapoandika haya ana kibanda Ilala, Dar es Salaam, jirani na wauza spea za magari. Alianza na redio na pasi, akahamia kwenye majagi ya umeme na blenda, na mashine za kahawa zilimfikia baadaye, watu walipoanza kurudi nazo kutoka Dubai na Ulaya au kuzinunua zikiwa mtumba. Mitaa yenyewe haikuwa na haja nazo. Kahawa ya mitaani Dar es Salaam huchemshwa kwenye birika refu juu ya mkaa, humiminwa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, na anayetaka utamu hununua kashata. Hakuna pampu popote katika mpango huo, wala cha kuharibika zaidi ya mkaa kuisha. Fundi mwenyewe hunywa hiyo. Nimemkuta ameifungua mashine ya Kitaliano, nyaya ziko nje, na ukingoni mwa meza kikombe cha kahawa chungu alichokinunua barabarani kinapoa.

Kinachonifanya nikae kwenye benchi lake bila shughuli ya maana ni mpangilio wa maswali yake. Huanza na swali lisilogharimu kitu, ndipo lile linalogharimu dakika, ndipo linalogharimu skrubu. Habari ya kununua spea huja mwisho kabisa. Mafundi wengi huanzia mwisho huo, na wateja wengi huwasukuma huko.

Mama mmoja alikuja na mashine ya espreso aliyoifunga kwa kanga. Akaitua mezani na kusema pampu imeungua, jirani yake aliyewahi kufanya kazi hotelini amemhakikishia.

“Pole mama, karibu ukae. Iliacha kufanya kazi lini?”

“Tulikwenda nyumbani Krismasi, tumerudi ndiyo hivi. Inaunguruma tu, maji hayapandi.”

“Mlipoondoka, tanki mliliacha na maji?”

“Nilimwaga, nikaliosha, nikalianika. Kwani kosa, baba?”

“Hakuna kosa, mama. Ni usafi huo.”

Kijana wake wa kazi alikuwa ameshashika bisibisi. “Nifungue, mzee?”

“Ufungue nini? Hata hujaisikia.”

Wakaiwasha, na ule mlio mkavu ukajaa kibandani. Hapo hapo neno la jirani likawa limekufa, maana koili iliyoungua haiungurumi. Fundi hakulisema hilo kwa sauti. Alianza na tanki.

Chini ya tanki la mashine hizi kuna vali ndogo ya springi. Tanki likiinuliwa, vali hujifunga ili maji yasimwagike; likikaa mahali pake, kijiti kilicho kwenye kitako cha mashine huisukuma ikafunguka. Tanki likikaa upande kwa unene wa kucha tu, kijiti hakifiki, na pampu inabaki kunyonya pasipo na kitu. Alilitoa, akalijaza, akaibonyeza vali kwa kidole juu ya ndoo kuona kama maji yanamwagika sawasawa, kisha akalirudisha na kulikandamiza hadi likasema tak. Kwenye mashine nyingine kuna boya lenye sumaku linaloiarifu mashine kwamba maji yapo. Boya likinata kwa utelezi wa maji ya zamani, mashine huamini tanki ni tupu na kukataa kuiwasha pampu, hata kama maji yamejaa hadi ukingoni. Matatizo ya namna hii hayana heshima yoyote. Hakuna anayependa kusikia kwamba amebeba mashine kwenye daladala kwa ajili ya boya lenye uchafu. Yeye huanza nayo kwa sababu hiyo: yasipoulizwa mwanzoni, hayaulizwi tena.

Tanki lilikuwa salama, na mlio ukabaki ule ule. Inabidi niieleze pampu yenyewe, kwa kuwa tiba inatokana na umbo lake. Mashine nyingi za espreso za nyumbani hutumia pampu ya kutetemeka, kitu kinachoenea kiganjani: nje koili ya waya wa shaba, ndani pistoni ya chuma inayokaa juu ya springi. Koili ikipata umeme inakuwa sumaku na kuivuta pistoni; umeme ukiachia, springi inairudisha. Dayodi moja ndogo huruhusu nusu tu ya kila wimbi la umeme ipite, kwa hiyo kwenye umeme wetu wa hezi 50 pistoni huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Mngurumo tunaousikia ni safari hizo. Kila safari husukuma maji machache mno, lakini kwa kurudiarudia shinikizo linapanda. Kwenye boksi huandikwa bar 15, ingawa espreso yenyewe huhitaji kama 9.

Waitaliano walilitafuta shinikizo hilo kwa miaka mingi. Luigi Bezzera wa Milano alisajili mashine yake mwaka 1901, ikitegemea mvuke. Achille Gaggia alisajili mwaka 1938 njia isiyotumia mvuke, na baada ya vita ukaja mtambo wake wa mkono na springi, uliomtaka muuzaji awe na misuli. Mwaka 1961 Faema wakatoa E61, yenye pampu ya umeme, iliyoitwa hivyo kwa heshima ya kupatwa kwa jua mwaka huo. Zote hizo zilikuwa za baa na migahawa. Kilichoziwezesha mashine za leo kukaa karibu na friji ni pamoja na kile kikoili cha bei ndogo kinachotetemeka.

Udhaifu wake ni hewa. Maji hayabanwi; ukiyasukuma, yanakwenda. Hewa hubanwa. Pampu iliyojaa hewa huibana kidogo, huiachia, huibana tena, na hewa hiyo haipati kamwe nguvu ya kuifungua vali iliyo mbele. Hakuna kinachotoka, kwa hiyo hakuna kinachovutwa kujaza nafasi. Mashine iliyokaushwa vizuri ikaachwa wiki kadhaa imo katika hali hiyo hasa, na mara nyingine ule mpira mdogo wa vali ndani ya pampu huwa umenata kwa chumvi ya maji yaliyokauka.

Alifungua kwanza koki ya mvuke pembeni, ili hewa ipate pa kutokea bila kupambana na chochote. Akabonyeza kwa sekunde chache, akaachia, akabonyeza tena. Pampu hizi hazikimbizwi kavu, kwa sababu maji ndiyo yanayoipoza na kuilainisha pistoni. Hata zikiwa na maji, nyingi zimeandikwa ubavuni dakika mbili za kazi kisha moja ya kupumzika. Haikushika. Ndipo akavuta kutoka kwenye droo bomba la sindano la duka la dawa, lile kubwa, bila sindano.

Alilijaza maji safi, akaligonga kwa kucha ili mapovu yapande, akayatoa. Ncha yake akaizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, akaichomeka kwenye tundu la kunyonyea, pale tanki linapokaa. “Bonyeza,” akamwambia kijana. Pampu ikaanza ukavu wake. Yeye akasukuma kwa kidole gumba, taratibu, bila kulazimisha, kichwa amekiinamisha upande wa mashine. Kwa muda halikubadilika jambo. Halafu mlio ukashuka kwa ghafla, kutoka kelele za plastiki hadi mngurumo wa chini, mpole, uliojaa, na nikaona fundi ameacha kusukuma: bomba la sindano lilikuwa linanywewa lenyewe. Mdomo wa mvuke ukakohoa, ukatema hewa na matone, ukakohoa tena, kisha ukashusha mkondo uliolingana.

“Kumbe nzima!” mama akasema, na sauti yake ilikuwa na hasira kidogo, nadhani kwa jirani.

Si kila mashine huishia hapo, na koki ile ya mvuke ina kazi nyingine ninayoipenda zaidi. Njia ya maji ni ndefu: tanki, mpira, pampu, boila, kisha inagawanyika, tawi moja kwenda mdomo wa mvuke na jingine kwenda kichwani, pale kahawa inapofungwa. Maji yakitoka kwa nguvu kwenye mdomo wa mvuke lakini kichwani hayafiki, basi tanki, mpira, pampu na boila vimeshatoka kwenye orodha ya washukiwa, kwa kuzungusha koki moja tu. Kinachobaki ni vali ya umeme ya kichwani au kile kisahani chenye matundu, ambacho mafuta ya kahawa hukiziba hadi kikawa cheusi. Mara nyingine mashine haina hata kosa. Kahawa imesagwa laini mno na kushindiliwa mno, maji hayana pa kupita. Akitoa kichujio na kuiendesha tupu, jibu linapatikana. Na kama mtu ametoka kuchemsha maziwa kwa mvuke, boila huwa na joto kupita kiasi, maji yanayoingia yanageuka mvuke papo hapo na kuirudisha pampu nyuma. Tiba ya hilo ni kuiacha ipoe. Fundi hufunga kibanda, huenda kuswali, anarudi, mashine inafanya kazi.

Mlio uliokabwa mara nyingi ni chokaa. Maji ya visima vya pwani hupita kwenye mwamba wa matumbawe na kuuyeyusha kidogokidogo. Yakichemshwa, kile kilichoyeyuka kinarudi kuwa jiwe na kuganda pale palipo na joto. Ni kalisi kabonati, jiwe lile lile lililochomwa kupata chokaa ya kujengea nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, safari hii linajijenga lenyewe ndani ya bomba jembamba kuliko kidole cha mtoto. Fundi hukwangua kipande cha ule ukoko mweupe, hukidondoshea ndimu. Kikichemka povu, ni chokaa. Kikinyamaza, ni kitu kingine, na asidi haitasaidia.

Siki ya dukani inaweza kazi hiyo, ila harufu yake hung’ang’ania kwenye mipira na kuiharibu ladha ya kahawa. Yeye hutumia asidi ya limau ya unga, ile wanayonunua watengeneza juisi, aliyoikoroga kwenye maji ya uvuguvugu. Huivuta kidogo hadi ifike kwenye boila, huzima, huacha. Baada ya muda huvuta kidogo tena. Anachotoa hukikinga kwenye bakuli jeupe na kukikagua: maji ya maziwamaziwa ni dalili njema, vipande vigumu ni onyo. Mwenye haraka huongeza ukali wa asidi au kuipitisha yote kwa mkupuo. Matokeo yake chokaa hubanduka kwa magamba, magamba yanakwenda kukwama kwenye tundu la vali mbele, na mashine iliyokuwa ikipitisha kidogo sasa haipitishi kabisa. Halafu kuna boila za alumini, ambazo ni nyingi kwenye mashine za bei nafuu. Asidi ikimaliza chokaa haijui kwamba imemaliza, inaanza kuila alumini. Kwa hiyo kazi hii haiachwi usiku kucha, hata mteja akisema hana haraka. Baadaye ni suuza, suuza na suuza, tanki baada ya tanki.

Ukimya ni kazi ya aina nyingine, na ndio unaomtenga fundi na mbadilisha spea. Plagi inachomolewa, mashine inafunguliwa kweli, mita inatoka. Swichi hupimwa, nyaya hufuatwa kwa kidole, viungo vilivyoungua hunusiwa. Kisha unakuja mtego uliozika pampu nyingi zikiwa hai. Mwenye mita huiweka kwenye kipimo cha ukinzani, hugusa miguu miwili ya pampu, mita haionyeshi njia, naye hutangaza kwamba koili imekatika. Lakini ndani kuna ile dayodi, na umeme mdogo wa mita mara nyingi hautoshi kuivuka. Fundi wa Ilala huzungusha mita hadi kwenye alama ya dayodi, hupima, hugeuza waya mwekundu na mweusi, hupima tena. Upande mmoja ukikubali na mwingine ukikataa, koili ni nzima, na lawama inahamia kwenye swichi au fyuzi ya joto. Nimeona pampu iliyotolewa kwingine ikiwa “mbovu” ikirudishwa mahali pake na kufanya kazi mchana huo huo.

Fyuzi ya joto hujikata mashine ikipata joto kupita kiasi, na ikishakata hairudi. Mpya haiungwi kwa risasi kirahisi kama kiungo kingine, maana joto la chuma cha kulehemu lenyewe linaweza kuikata kabla haijaanza kazi. Hubanwa kwa kijibomba cha chuma na plaizi, kisha huvikwa soksi yake ya kuzuia joto. Kishawishi ni kuiruka. Waya unaungwa moja kwa moja, mashine inawaka, mteja anafurahi na kulipa. Fundi hukataa. Fyuzi hiyo ndiyo inayosimama kati ya boila lililokauka na moto jikoni. Nimemsikia akimrudishia bwana mmoja mashine yake bila kumtoza, kwa kuwa bwana huyo aling’ang’ania “iruke tu, kaka, mbona wenzako wanafanya.”

Nimeiacha hadi hapa ile aina ya kudondosha, yenye jagi la kioo, kwa sababu inanifurahisha kuliko zote. Watu huileta wakisema pampu yake imekufa. Haina pampu. Ya kwanza ya umeme ya namna hii iliyojulikana, Wigomat, ilisajiliwa Ujerumani na Gottlob Widmann mwaka 1954, na Mr. Coffee ya Marekani, mwaka 1972, ndiyo iliyoieneza kwenye nyumba za huko. Maji hushuka kwa uzito wake kutoka kwenye tanki, hupita vali ya kuzuia kurudi, huingia kwenye bomba la alumini lililojikunja chini ya sahani ya kuwekea jagi, limegusana na hita. Hapo yanachemka. Mapovu ya mvuke hupanda kwenye mpira mwembamba yakibeba maji mbele yake, vali inayazuia yasirudi tankini, na juu yanamwagika kwenye kahawa. Hita ile ile inayapandisha maji na kulipa jagi joto. Joto moja, kazi mbili, mota hakuna. Sijui kama nimeona ubunifu wa bei ndogo uliokamilika kuliko huu kwenye kitu cha jikoni.

Na kwa kuwa ni joto moja, uchunguzi wake ni wa kiganja. Fundi huwasha, hukaribisha mkono juu ya sahani ya jagi. Ikibaki baridi, ni umeme, na mara nyingi ni fyuzi. Ikipata joto na maji hayapandi, umeme ni mzima na njia ya maji ndiyo yenye neno: chokaa ndani ya bomba, au mpira uliochomoka. Tanki lenyewe likianza kutoa mapovu, vali ya kuzuia kurudi imechoka au imebaki wazi, na mvuke unasukuma pande zote mbili. Hayo yote huyajua kabla hajatafuta skrubu ya kwanza, ambayo kwa kawaida watengenezaji wameifanya ya nyota yenye kijiti katikati, ili asiifungue. Bisibisi yake ya kuifungulia ameichonga mwenyewe.

Zipo zinazomshinda. Mashine iliyokuja kwenye sanduku la nguo kutoka Marekani, iliyotengenezwa kwa volti 120, ikichomekwa kwenye 230 za kwetu, hita hutaka kutoa karibu mara nne ya nguvu yake. Fyuzi ikiwahi kukata, hiyo ni bahati. Isipowahi, fundi husema mapema, harefushi habari.

Kabla ya kumkabidhi mtu mashine iliyofunguliwa, huweka kipande cha tishu kavu chini ya kila kiungo cha mpira, hujaza tanki na kuiendesha kwa vituo hadi maji yakaribie kuisha. Tone lisiloonekana juu ya plastiki nyeusi huonekana kwenye tishu. Wateja huona anapoteza muda.

Malipo ndiyo yenye mgogoro. Spea ina bei ambayo mteja anaielewa. Anaishika, anaona ya zamani na mpya. Mashine iliyopona kwa bomba la sindano haina cha kuonyesha, na swali huja palepale: “Sasa fundi, umebadilisha nini?” Wapo waliojifunza kulijibu kwa kubadilisha kitu kisichohitaji kubadilishwa, na siwezi kuwalaumu sana, maana soko limewafundisha kwamba chuma hulipiwa na ujuzi huombwa punguzo. Huyu ameandika kwa chaki kwenye mlango wa kibanda: KUANGALIA NI HELA. Hulipwa mashine ikitua mezani, kabla ya swali la kwanza. Spea ikihitajika, mteja huinunua mwenyewe Kariakoo na kuja nayo na risiti yake.